Kitabu chenye kosa, na jiwe ndani ya karatasi

Jioni moja tulikuwa Bengamisa, kilometa kama 50 kutoka Kisangani kwa barabara ya Buta. Wachimbaji walikuwa wametoka carrière, matope bado kwenye miguu. Kijana mmoja alifungua karatasi ya sigara, akatuonyesha almasi ndogo. Akatuuliza: "Ba-négociant banashika loupe, banatazama, kisha banataja bei. Banaonaka nini mule ndani?"

Swali hilo lilitukumbusha watu wengine wanaoshika loupe, lakini si juu ya mawe. Huko Ulaya na Marekani kuna watu wanaokusanya riwaya za zamani za Uingereza, za wakati wa malkia Victoria, zile zilizochapwa mara ya kwanza na picha au ramani yake. Mke wa yule kijana akacheka: "Juu ya nini mutu alipe feza mingi kwa kitabu ya kuzeeka?" Tukamweleza hivi.

Tuchukue kitabu kimoja cha almasi. Mwaka 1885 nyumba ya Cassell, London, ilitoa King Solomon's Mines cha H. Rider Haggard, hadithi ya watu wanaotafuta hazina ya mfalme Sulemani. Kwa Kiswahili kilitoka mwaka 1929, kazi ya Frederick Johnson, kwa jina Mashimo ya Mfalme Sulemani. Mbele ya kile cha kwanza kuna ramani ya kukunjwa, ya rangi, kama vile mtu aliichora kwa damu juu ya kitambaa. Mnunuzi anaanza hapo: ramani iko? Imepasuka kwenye mikunjo? Kama haiko, bei inaanguka.

Halafu anatafuta makosa. Ukurasa wa 10, jina la kabila Bamangwato limeandikwa "Bamamgwato". Ukurasa wa 307, neno "word" limegeuka "wrod". Kopi zilizotangulia kutoka kwenye mashini zina makosa hayo, baadaye yalisahihishwa. Basi kitabu chenye kosa ndicho kinatafutwa, kwa sababu kosa ni ushahidi kwamba kilitangulia.

Kingine ni kile cha Alice cha Lewis Carroll, cha mwaka 1865. Zilichapwa kopi 2,000, lakini mchoraji John Tenniel hakupenda namna picha zake zilivyotoka, na kitabu kikaondolewa, kikachapwa upya. Za kwanza zinazojulikana leo hazifiki 30. Zile zilizokataliwa ndizo sasa zinauzwa kwa bei ya nyumba.

Kwa jiwe ni vilevile. Négociant anatazama uzito, rangi, usafi na umbo. Hana macho makali kukupita wewe uliyeona jiwe ndani ya mchanga wa tamisi. Yeye alifundishwa alama, na wewe hakuna aliyekufundisha. Bei inakaa ndani ya pengo hilo.

Tena Haggard mwenyewe karibu aanguke ndani yake. Pale Cassell walimpa kuchagua: pauni 100 mara moja na kitabu kiwe chao, au sehemu ya kumi ya bei ya kila kopi. Alihitaji pesa, akawa tayari kuchukua zile 100. Bosi alipotoka kidogo, karani aliyekaa kwenye kona akamwambia achukue ile ya pili. Haggard akabadili neno. Katika mwaka wa kwanza ziliuzwa kopi 31,000. Kitabu kilikuwa shilingi 5, basi yeye alipata nusu shilingi kwa kila kimoja. Fanyeni hesabu: ni zaidi ya pauni 700.

Sasa, Bengamisa nani ni karani wetu? Tunajua mtoto akiwa na homa, au PDG wa shimo akidai chakula alichokopesha, mtu anauza usiku uleule. Hatumlaumu. Lakini kupimisha jiwe kwa watu wawili kabla ya kutaja bei hakugharimu kitu. Kuandika uzito na tarehe ndani ya daftari pia hakugharimu kitu. Na wakishuka Kisangani watatu au wanne pamoja, si rahisi kuwadanganya kama mmoja peke yake.

Na tusisahau vitabu. Mwaka 1890 Stanley alitoa In Darkest Africa, juzuu mbili zenye michoro na ramani. Yambuya na Banalia, za hapa kwetu, zimo. Wakusanyaji wa mbali wanazitunza kwenye makabati ya vioo, na huku sokoni tunaona kurasa za vitabu vya wazee zikifungia karanga. Mama, kabla hujachana, fungua ukurasa wa kwanza. Tazama mwaka, hesabu picha, onyesha mwalimu. Mara nyingi kitakuwa kitabu cha kawaida tu. Hapo utakuwa umepoteza dakika mbili.

Asubuhi tulimkuta yule kijana mlangoni. Jiwe lilikuwa bado ndani ya karatasi yake. Mke wake alikuwa ameazima daftari la shule la mtoto, ukurasa wa mwisho, na ameandika tayari tarehe. Nafasi ya uzito ilikuwa wazi. "Tunaenda kupimisha kwanza," alisema, "kwa mutu wa kwanza, kisha kwa wa pili. Bei tutasikia nyuma."