Picha ya Ubongo Humwongoza Daktari Mpasuaji

Wakazi wa Bujumbura wanaufahamu vizuri mto Ntahangwa. Wakati wa kiangazi ni maji machache yanayopita kati ya mawe. Mvua kubwa zinapoanza, maji hushuka kwa nguvu kutoka milimani, yakazila kingo, na nyumba zilizo karibu zikaingia hatarini. Ndani ya kichwa cha binadamu laweza kutokea jambo linalofanana na hilo: damu yenye nguvu hupita penye ukingo dhaifu, na siku ukingo huo ukibomoka, maisha ya mtu na ya jamaa yake hubadilika kwa dakika chache.

Kwa kawaida damu hutoka moyoni kwa kupitia mishipa minene iitwayo ateri. Kabla ya kurudi moyoni kwa kupitia mishipa yenye kuta nyembamba zaidi, yaani vena, damu hiyo hugawanyika katika vishipa vidogo mno, vyembamba kuliko unywele. Humo nguvu yake hupungua, nao ubongo hupata hewa na chakula. Lakini wapo watu ambao mahali fulani katika ubongo wao vishipa hivyo havipo. Ateri na vena zimeungana moja kwa moja na kusokotana kama kamba iliyotatana. Hili ndilo fundo la mishipa ya damu. Aghalabu mtu huzaliwa nalo, akaishi nalo miaka mingi bila kujua.

DALILI ZAKE

Fundo hili huweza kujitambulisha kwa njia tatu: kwa kichwa kuuma, kwa kifafa, au kwa kupasuka na kumwaga damu ndani ya ubongo. Aidha, mara nyingi hujulikana mtu angali kijana. Kwa hiyo jambo hili linazihusu hasa kambi zetu za jeshi na polisi, ambazo zimejaa vijana.

Tuchukue mfano wa askari wa miaka 26. Siku moja mkono wake wa kulia unaanza kutikisika wenyewe, na kwa dakika chache maneno yanamtoka kombo. Baadhi ya ndugu watasema amerogwa. Wengine watasema ni kifafa cha ukoo. Yeye mwenyewe huenda akanyamaza kwa kuogopa kunyang'anywa bunduki au usukani wa gari. Kimya hicho ni hatari kwake na kwa wenzake pia. Kifafa kinachoanza ukubwani hakina budi kutafutiwa chanzo, na chanzo hicho hakionekani kwa macho. Huonekana katika picha.

KUTOKA EKSIREI HADI SUMAKU

Mwaka 1895 Mjerumani Wilhelm Röntgen aligundua miali ya eksirei. Miali hiyo ilionyesha mifupa, lakini ubongo haukuonekana, kwa kuwa umefichwa ndani ya fuvu. Mwaka 1927 daktari Mreno Egas Moniz, akiwa Lisbon, alitia dawa maalum katika ateri za shingo na kupiga picha ilipokuwa ikipita. Kwa mara ya kwanza mishipa ya ubongo wa mtu aliye hai ikaonekana kama matawi ya mti. Njia hiyo, iitwayo anjiografia, ingali ndiyo bora kuliko zote kwa kuonyesha ni ateri zipi zinalilisha fundo na ni vena zipi zinazolitoa damu.

Bara letu la Afrika nalo lina sehemu yake katika historia hii. Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alianza kulifikiria tatizo la kupiga picha za ndani ya mwili mwaka 1956 alipokuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Hesabu zake pamoja na mashine iliyobuniwa na Mwingereza Godfrey Hounsfield ziliuleta ulimwenguni uchunguzi wa skana. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo kwa mashine hiyo huko London mwaka 1971, na mwaka 1979 mabwana hao wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Hadi leo skana ndiyo hutangulia pale daktari anapotaka kujua upesi kama damu imemwagika kichwani.

Baadaye ikaja mashine ya sumaku, ambayo haitumii eksirei kabisa. Hiyo huonyesha nyama laini ya ubongo kwa uwazi mkubwa, na namna fundo lilivyokaa ndani yake.

SWALI LA PILI

Picha hizi zote hujibu swali moja: fundo liko wapi? Lakini daktari mpasuaji ana swali la pili, tena zito zaidi: sehemu ya ubongo iliyo jirani na fundo inafanya kazi gani? Kila sehemu ina wadhifa wake. Upande wa kushoto wa ubongo huendesha mkono na mguu wa kulia, na kwa watu wengi ndio makao ya usemi. Kisu kikikosea kwa milimita chache, mgonjwa aweza kupona fundo lakini akapoteza lugha yake.

Mwaka 1990 mtaalamu Seiji Ogawa na wenzake, wakifanya kazi Marekani, walionyesha kuwa mashine ya sumaku yaweza kutambua mabadiliko ya hewa iliyomo katika damu ya ubongo. Sehemu inayofanya kazi huletewa damu nyingi zaidi, na mabadiliko hayo huonekana pichani. Kwa hiyo mgonjwa hulala ndani ya mashine, akaambiwa achezeshe vidole, kisha apumzike. Ataje majina ya vitu, kisha apumzike. Kompyuta hulinganisha vipindi hivyo na kuchora ramani ya kazi za ubongo wake. Kipimo cha usemi kinafaa kufanywa kwa lugha anayoimudu mgonjwa. Mtu wa Kirundi au Kiswahili asipimwe kwa lugha anayoibabaisha.

Ramani hiyo huwekwa katika kompyuta ya chumba cha upasuaji, nayo humwonyesha daktari mahali chombo chake kilipo na mahali penye mpaka wa hatari. Hata hivyo, ramani si neno la mwisho. Fundo lenyewe huivuruga damu ya jirani zake, kwa hiyo picha yaweza kuonyesha kimya mahali ambapo kazi ipo. Ndiyo maana pengine madaktari huhakikisha kwa kuugusa ubongo na umeme mdogo wakati wa upasuaji, na mara nyingine mgonjwa huwa macho, akizungumza.

KUKATA AU KUACHA

Mwaka 1986 madaktari Robert Spetzler na Neil Martin wa Marekani walitoa kipimo cha kuyapanga mafundo haya katika madaraja matano. Huangaliwa mambo matatu: ukubwa wa fundo (chini ya sentimita 3, kati ya 3 na 6, au zaidi ya 6), kama limekaa penye kazi muhimu, na kama damu yake hutokea katika vena za ndani sana. Fundo dogo lililo mahali salama hukatwa kwa matumaini makubwa. Yale ya daraja la juu mara nyingi huachwa, au hutibiwa kwa mionzi au kwa kuzibwa kwa ndani kwa mrija mwembamba.

Kukata hakumaanishi ushujaa sikuzote. Matokeo ya utafiti uliofanywa katika nchi kadhaa yalitangazwa mwaka 2014 kuhusu wagonjwa 223 ambao mafundo yao hayakuwa yamepasuka. Katika muda wa karibu miaka mitatu, waliopewa dawa za kutuliza dalili tu walipatwa na kiharusi au kifo kwa asilimia 10. Waliotibiwa fundo lenyewe walikuwa asilimia 31. Wapo madaktari waliosema muda huo ni mfupi, kwa kuwa hatari ya fundo hudumu maisha yote. Lakini fundo lililokwisha kupasuka ni habari nyingine, kwani laweza kupasuka tena.

YAPASAYO FAMILIA

Kwa mkazi wa Bujumbura, mlango wa kwanza ni kituo cha afya, kisha hospitali kubwa kama ile ya Kijeshi ya Kamenge, Prince Régent Charles au ya Chuo Kikuu huko Kamenge. Tiba ya fundo lenyewe yaweza kumpeleka mgonjwa nje ya nchi. Dar es Salaam, kwa mfano, iko Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoanzishwa mwaka 1996, ambayo hupasua ubongo na pia hutibu mishipa yake kwa mrija unaopitishwa pajani. Anayesafiri achukue picha zake zote pamoja na maelezo ya daktari, asije akaanza upya kwa gharama mpya.

Askari aliyewahi kujeruhiwa amwambie daktari kabla ya kuingia katika mashine ya sumaku kama mwilini mwake mmebaki kipande cha chuma. Sumaku yaweza kukisogeza na kumdhuru.

Mtu akishikwa na kifafa, mlazeni kwa ubavu, ondoeni vitu vigumu karibu naye, wala msimtie kijiko mdomoni. Tazameni saa, zikipita dakika tano, mpelekeni hospitali mara moja. Kadhalika, kichwa kikiuma ghafula kwa ukali usio na mfano, au mtu akipooza upande mmoja, msimpe aspirini wala msingoje asubuhi. Na mwenye kushuhudia akumbuke ni mkono upi ulioanza kutikisika na ni maneno gani yaliyopotea, kwani habari hizo humwonyesha daktari pa kuanza kutazama.

Hatimaye, siku jamaa watakapoketi mbele ya daktari, wamwulize mambo matatu: fundo liko daraja gani, limekaa karibu na kazi gani ya ubongo, na hatari ya kulikata ikilinganishwa na ya kuliacha ni ipi. Majibu yote matatu yatatoka katika picha, na uamuzi utakuwa wa mgonjwa mwenyewe akishauriana na watu wake.