Wafanyabiashara wa Jinja na Mbale na masomo ya watoto nyumbani

Anayenunua maharage Mbale na kuyashusha Jinja kwa barabara ya Tirinyi, au anayevuka Malaba na Busia kufuata bidhaa za Kenya, hawezi kwenda na saa za shule. Lori hupakiwa usiku, na soko huamka alfajiri. Mzazi wa namna hii akipata mtu wa kumfundishia mtoto mchana nyumbani, au mwalimu wa tuisheni jioni, huona mambo yamekaa sawa.

Wazo hilo si geni tena. Machi 2020 serikali ya Uganda ilifunga shule zote kwa sababu ya korona. Madarasa ya mitihani yalirudi Oktoba mwaka huo, mengine yakafuata kwa zamu, kisha Juni 2021 shule zikafungwa tena hadi tarehe 10 Januari 2022. Hakuna nchi iliyofunga shule kwa muda mrefu kuliko huo. Masomo yalipitia redioni, kwenye televisheni na magazetini. Wenye vibanda waliwaweka watoto na daftari nyuma ya meza ya biashara, ingawa mtoto akishaijua bei ya sukari, ni rahisi daftari kusahaulika.

Kuhama nako kuna shida yake. Tangu 2007 mtaala wa darasa la kwanza hadi la tatu unataka mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo, isipokuwa penye mchanganyiko wa makabila, kama ilivyo katika shule nyingi za mjini, ambako Kiingereza hutumika. Kwa hiyo aliyeanza kusoma kwa Lusoga kijijini karibu na Jinja anaweza kukutana na Lugisu akihamia upande wa Mbale. Hapo kufundishwa nyumbani kuna faida, maana mwalimu habadiliki.

Lakini kizuizi kikubwa ni mtihani wa kumaliza shule ya msingi, PLE. Baraza la mitihani, UNEB, husajili watahiniwa kupitia shule zenye namba ya kituo. Mzazi hawezi kumwandikisha mtoto wake mwenyewe. Usajili hufanyika miezi mingi kabla ya mtihani, na aliyekosa husubiri mwaka mzima, hata kama anajua hesabu kuliko wenzake. Bila cheti hicho njia ya sekondari ni nyembamba.

Kwa hiyo anayefundisha nyumbani atafute shule ya kumpokea mtoto mapema, ikiwezekana akiwa darasa la sita, na atunze ripoti zake za nyuma. Aulize pia gharama: katika shule za mpango wa UPE serikali hulipia ada ya usajili, katika shule za binafsi mzazi hulipa.

Masomo ya mtihani ni manne: Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Maarifa ya Jamii. Mtoto wa sokoni kwa kawaida hatishwi na Hisabati. Insha ya Kiingereza ndiyo ya kufanyia kazi. Mtihani huchukua siku mbili, kwa kawaida Novemba, wakati biashara ya Krismasi ikianza kuchangamka.