Pikipiki Kuukuu Uani Kwangu

Ilishushwa kutoka juu ya lori la mahindi ikiwa imefungwa kwa kamba za katani, na kinyesi cha kuku kimekauka juu ya kiti. Taa ya mbele haikuwa na kioo. Tairi zilikuwa na nyufa kama visigino vya mkulima wakati wa kiangazi. Mume wangu na vijana wawili waliisimamisha uani, kati ya kamba ya nguo na jiko la mkaa, kisha yeye akarudi nyuma hatua tatu akaitazama. Mama mwenzangu, mtazamo ule naufahamu. Mara ya mwisho kuuona, alikuwa ananitazama mimi, nikiwa na miaka 22.

Ilikuwa Honda C70 ya marehemu baba mkwe. Aliinunua mwaka 1979 akiwa bwana shamba, akapita nayo vijijini mpaka alipostaafu mwaka 1994. Tangu hapo ilikaa ghalani na kuku wakataga mayai juu yake. Mzee alifariki mwaka 2016, na mwaka 2021 mume wangu akatangaza wakati wa chakula kwamba ataileta mjini na kuifufua. Niliuliza swali ambalo kila mwenye kushika matumizi ya nyumba angeliuliza: kwa fedha ipi?

Huenda kwako si pikipiki. Huenda ni redio ya zamani, au gari lililokaa juu ya mawe tangu mtoto wa kwanza hajazaliwa. Lakini hizi pikipiki ndogo za zamani zina wapenzi wa aina yake. Mtaani kwetu tu nawajua wanaume watatu wenye nazo, mmoja wao ana Vespa ambayo haijawahi kufika mwisho wa barabara bila kusukumwa. Wakikutana hawazungumzi mpira wala siasa, wanazungumza kabureta. Kwa muda mrefu niliuona ni utoto. Leo siuoni hivyo, ingawa si kila kitu nimekikubali, kama utakavyoona.

Mwanamke alikumbukwa

Kwanza nilitaka kujua chombo chenyewe ni kitu gani hata mtu mzima akipende hivyo. Nilichokikuta kilinishangaza.

Mwaka 1946, Japani ikiwa imechakaa kwa vita na petroli ikiwa ya shida, fundi mmoja aitwaye Soichiro Honda alipata injini ndogo zilizokuwa zikitumika kuendesha redio za jeshi. Akafunga moja kwenye baiskeli. Kwa kuwa hakuwa na tanki, alitumia chupa ya maji ya moto, ile ya kuwekwa kitandani wakati wa baridi. Na nani alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuijaribu barabarani, huko mjini Hamamatsu? Mkewe, Sachi. Mama huyo aliwahi kusimulia kwamba alirudi nyumbani suruali yake nzuri ikiwa imechafuka mafuta, akamwambia mumewe wazi kuwa wateja watamlalamikia. Chombo kilirekebishwa.

Miaka 12 baadaye, mwaka 1958, Honda na mwenzake aliyesimamia biashara, Takeo Fujisawa, walitoa pikipiki ndogo iliyoitwa Super Cub. Hii C70 yetu ni ya ukoo huo. Fujisawa alitaka pikipiki ambayo hata mke nyumbani hataikataa, kwa hiyo injini na nyaya zikafichwa, mnyororo ukafunikwa usile nguo, na mbele ikawekwa ngao ya plastiki ya kuzuia tope. Katikati iliachwa nafasi ili mwenye sketi apande bila kurusha mguu juu. Klachi ya mkono iliondolewa kabisa. Gia hubadilishwa kwa mguu tu, hivyo muuza tambi aliweza kushika sinia la chakula kwa mkono mmoja na kuendesha kwa mwingine. Kufikia mwaka 2017 pikipiki za ukoo huu zilizotengenezwa zilifika milioni 100.

Hata Vespa ya jirani yetu ina habari kama hiyo. Aliyeibuni huko Italia mwaka 1946, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege ambaye hakupenda pikipiki, kwa sababu zilichafua nguo na kukaliwa kwa shida. Akatengeneza isiyokuwa hivyo.

Niliposoma haya nilitoka uani nikaitazama upya. Kumbe chuma kile kilichokuwa kikinizibia njia ya kuanika nguo kilitengenezwa mtu kama mimi akiwa amefikiriwa. Nilikuwa nimelichukia bure lakini sikumwambia baba watoto.

Makopo, siki na subira

Injini ilikuwa imekamata. Kwa lugha rahisi, pistoni ilikuwa imeng'ang'ania ndani ya silinda kwa kutu, na kiki haikushuka hata kidogo. Nilidhani atachukua nyundo. Badala yake alifungua plagi, akamimina oili katika tundu lile, akaenda zake. Kesho yake akaongeza. Kila jioni akirudi kazini aliisukumasukuma pole kwa mkono, mbele na nyuma, asilazimishe. Siku ya tisa nilisikia sauti kama kizibo cha chupa, na mtu mzima akipiga kelele za furaha peke yake gizani.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kidogo. Kazini kwake mume wangu hushughulika na makaratasi ambayo hayaishi. Akimaliza moja, linaletwa jingine, na mwisho wa mwezi hawezi kukuonyesha kwa kidole alichokifanya. Pikipiki hii haina kompyuta. Mtu akiwa na spana chache, bisibisi inayolingana na skrubu (isiyolingana hula kichwa cha skrubu, na hapo utasikia maneno), mafuta ya taa na msasa, anaweza kuifungua yote mpaka mwisho, akaona kila kitu kinafanya nini, akairudisha. Ni vitu vichache sana maishani vinavyokubali hivyo.

Watoto nao walivutwa. Binti yetu wa darasa la tano alipewa kazi ya makopo ya siagi: kila skrubu katika kopo lake, kila kopo na karatasi yenye maandishi yake. Kaka yake, wa kidato cha pili, alipiga picha kwa simu kila kifaa kabla hakijatolewa, ili wakati wa kurudisha pasiwe na ubishi. Kijana huyo tulikuwa tumeshindwa kumtoa chumbani. Sasa alikuwa akikaa na baba yake saa mbili mfululizo, na mambo ya shule aliyotuficha yalikuwa yakitoka yenyewe huku wameinamia kabureta, hawatazamani.

Siki yangu ya kachumbari iliisha ghafla. Nikaambiwa imelala ndani ya tanki pamoja na kokoto, maana siki hula kutu. Nilinunua nyingine.

Kopo la ada

Haikuwa furaha tupu. Jumamosi moja nilikuta bakuli la petroli limewekwa hatua mbili kutoka kwenye jiko langu la mkaa linalowaka, vyuma vimelowekwa ndani, na mtoto wetu mdogo amechuchumaa pembeni. Mvuke wa petroli hauonekani, hutambaa chini kwa chini mpaka ukutane na moto. Siku hiyo nilipaza sauti mpaka jirani akatokeza. Tangu hapo vyuma vinaoshwa kwa mafuta ya taa, nyuma ya nyumba, mbali na jiko, na bakuli halirudi jikoni kamwe. Vilevile breki: vitambaa vya breki za zamani vingi vilikuwa na asbesto, na vumbi lake hudhuru mapafu. Halipulizwi kwa mdomo, linafutwa kwa kitambaa kilicholowa, nacho kinafungwa kwenye mfuko na kutupwa.

Kisha likaja lile kubwa. Tuna kopo la ada, ambalo tunaweka kidogo kidogo tangu Septemba ili Januari isitukute mikono mitupu. Nililihesabu nikakuta pungufu ya shilingi 90,000.

"Baba watoto, elfu tisini zimekwenda wapi?"

Hakujibu. Macho yake yalikwenda uani, na hilo likawa jibu. Pistoni na ringi mpya, fundi wa kukereza silinda, tairi moja. Alikuwa amekusudia kurudisha kabla sijahesabu.

Hatukuzungumza vizuri kwa siku nne. Kilichoniuma hakikuwa pistoni, ni kule kufanywa mgeni katika nyumba yangu. Alipoketi hatimaye kuomba radhi, naye aliuliza kwa upole kuhusu seti ya sahani za kabatini, ile niliyoipata kwa upatu bila kumtaarifu, na mimi nikawa na maneno machache. Tulinunua daftari. Upande mmoja linaandikwa kila linalonunuliwa kwa ajili ya pikipiki, upande wa pili fedha imetoka wapi. Deni la kopo alipe elfu 15 kila mwezi kabla hajanunua hata plagi. Kazi ikasimama karibu miezi minne, vyuma vimefunikwa turubai. Sikulionea huruma turubai lile.

Nyekundu au buluu?

Mama mkwe alikuja kututembelea kazi ikiwa imeanza tena, na pikipiki imepakwa rangi nyekundu inayong'aa. Akaizunguka mara mbili.

"Hii siyo ya baba yako," alisema.

"Ni yenyewe, mama."

"Ya baba yako ilikuwa buluu. Nyekundu aliipaka aliyemuuzia tairi, mwaka ule wa mwisho, kwa brashi. Baba yako hakuipenda."

Mume wangu alikwangua kidogo chini ya kiti kwa ukucha, na kweli, chini ya nyekundu ya zamani palikuwa na buluu. Ulianza mjadala uliochukua jioni nzima. Baba alitaka buluu ileile, na ngao nyeupe, kila kitu kama kilivyotoka kiwandani. Kijana wetu alitaka usukani ulale chini, ngao ziondolewe na ifungwe injini ya cc 125, kwa kuwa ziko za Kichina zinazoingia palepale pa ile ya zamani. Hayuko peke yake duniani. Uingereza, miaka ya 1960, vijana walioitwa Mods walijaza vioo na taa kwenye Vespa na Lambretta zao, na Indonesia wako wanaounganisha Vespa na vyuma chakavu mpaka ziwe ndefu kama boti. Bodaboda wetu wenyewe, na maandishi yao kwenye mpira wa nyuma, ni ndugu wa hao. Mtu akishakijua chombo, hutaka kionekane ni chake.

Kuhusu injini nilimuunga mkono baba. Breki zile zilitengenezwa kwa mwendo wa C70. Ukiiongezea nguvu bila kuiongezea breki, umemtengenezea mwanao ajali. Kijana aliruhusiwa taa yenye mwanga mkali, na hilo hata mimi nililitaka.

Ndipo bibi akasema la kwake. Miaka ile yote alipanda nyuma juu ya karia ya chuma, amekalia blanketi lililokunjwa. Alipanda hivyo kwenda kliniki akiwa na mimba ya huyu huyu anayebishana juu ya rangi.

"Baba yenu aliniahidi kiti," alisema. "Kila mavuno aliniahidi."

Cherehani yangu

Mimi ni fundi cherehani. Hakuna aliyeniomba, lakini usiku ule nilikitoa kiti cha zamani na kukiweka mezani. Kiti cha Honda hii hufunguka kama mfuniko, tanki la petroli liko chini yake, na ngozi imeshikwa kwa vimeno vya bati pembeni. Nilivikunjua kimoja kimoja. Kisha nikafumua mshono wote, nikatandaza vipande juu ya karatasi na kuvichora, kama ninavyofanya mteja akiniletea gauni alilolipenda mpaka likachanika. Aliyekishona alikuwa fundi hodari. Pembe ya nyuma aliipunguza kwa mishono miwili midogo isiyoonekana, jambo ambalo nisingelifikiria. Nilikaa na vipande vile mpaka saa sita usiku. Mume wangu alikuja kuuliza kama silali, nikamwambia aniache kidogo.

Seremala alitengeneza kibao, nikanunua sponji ngumu na ngozi bandia nyeusi, na nikashona kiti kirefu cha watu wawili. Cherehani yangu ilivunja sindano tatu. Ziko kwenye daftari.

Kadi ya pikipiki ilipatikana katika kasha la mama mkwe, ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na risiti za mbolea za mwaka 1983. Bila kadi ingebaki pambo la uani, maana chombo cha marehemu hakihamishwi jina mpaka msimamizi wa mirathi ashughulike. Bahati mume wangu ndiye msimamizi, na ndugu zake walikuwa wamekwisha kukubaliana. Kofia ngumu mbili zilinunuliwa kabla ya kopo la mwisho la rangi. Hilo lilikuwa sharti langu.

Siku ya kuiwasha ilipigwa kiki mara kumi na moja. Bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka, anachambua mchele. Ya kumi na mbili ilikohoa, ikatoa moshi, ikazima. Kijana akakumbuka choki. Ya kumi na tatu ikawaka na kutulia, sauti ndogo ya haraka kama cherehani yenye mafuta mazuri. Bibi alisimamisha ungo.

"Sasa ndiyo yenyewe," alisema.

Alikataa kupanda. Alisema kiuno chake hakina deni tena na pikipiki. Kwa hiyo nilipanda mimi, nyuma ya mume wangu, tukaenda hadi sokoni na kurudi na kabichi mbili. Ni buluu. Kwenye daftari bado ninamdai elfu thelathini.