Mpeleke Mresh Naivasha Mkaonje Waini

Kanairo tumezoea rieng moja. Salo ikiingia Ijumaa, mbogi inaitana, mzinga inashuka mezani, spika zinagonga hadi hamskizani, na saa sita ikifika kila mtu amewaka. Hakuna mwenye anakumbuka alikuwa anakunywa nini, bora iliingia. Wasee wangu, kama uko na dem ama chali unampenda kwa ukweli, kuna form ingine iko karibu na wengi bado hawajachanuliwa. Ishieni Naivasha, mtafute shamba ya mizabibu, mkaonjeshwe waini yenye imetengenezwa hapo hapo.

Ndio, Kenya hii yetu. Wengi wakiskia waini ya zabibu wanawaza Ufaransa ama Afrika Kusini, na kumbe huko Naivasha zabibu za waini zilianza kupandwa miaka ya 1980. Ile chupa ya waini ya Leleshwa unaipitanga kwa supa inatoka Bonde la Ufa, na hilo jina ni la kile kichaka cha majani ya kijivu unaona kando ya barabara ukishuka huko. Ukifikicha jani lake, harufu inashika vidole hadi jioni.

Kutoka tao ni kama kilomita 90. Mimi na mresh wangu tulidandia mathree mangware, tukashukia njia ya Mai Mahiu. Kule chini ya mteremko kuna kakanisa kadogo ka mawe kalijengwa 1942 na wafungwa wa vita Waitaliano, wale walikuwa wanachonga hiyo barabara. Ukipita, cheki upande wake. Na ndai iachwe nyumbani. Waini ni tei kama tei ingine, karao wa alcoblow hawaulizi kama ulikuwa unaonja tu.

Shamba yenyewe ilikuwa ndogo, mistari ya mizabibu imefungwa kwa waya, vumbi laini ya volkano inaingia kwa raba. Mzee wa shamba alitukaribisha na makasi ya kupogolea mkononi, hakuna glasi wala chupa. "Vijana wangu, mkitaka kujua waini, anzeni na mti," akasema. Na hapo ndio niliskia kitu imenikaa kwa kichwa mpaka leo. Ulaya, baridi ikiingia, mzabibu unaangusha majani, unalala miezi, unaamka na joto. Huku karibu na ikweta hakuna baridi ya kuulaza, mti unataka kumea tu mwaka mzima. Kwa hivyo mkulima ndiye anaupangia msimu. Anakata matawi, mti unastuka, unaanza upya: chipukizi, maua, zabibu. Akikosea siku ya kukata, matunda yanaiva mvua ikinyesha, kuvu inaingia, kazi ya miezi inaoza ikiwa imening'inia. Dodoma kule Tanzania wanatumia hali hiyo hiyo kuvuna mara mbili kwa mwaka. Hiyo ni akili na jasho, maze, na inastahili heshima.

Naivasha inasaidiwa na mwinuko. Ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,880 juu ya bahari, so mchana jua inachapa na usiku unatafuta sweta. Jua inaipa zabibu sukari, na baridi ya usiku inaulinda ule ukali mdogo wenye unafanya waini isikuwe kama sharubati.

Halafu mzee akachuma zabibu moja nyeusi ti, akaifinya kwa kiganja cha mresh wangu. Maji yakatoka meupe, karibu kama ya bomba. Mresh akaangalia mkono wake, akaniangalia, akamwangalia mzee. Rangi yote iko kwa ganda! Waini nyekundu inachachuka pamoja na maganda yake, ndio maana inapata hiyo wekundu na ule ukavu unashika ulimi. Nyeupe inakamuliwa kwanza, maganda yanatolewa, maji ndio yanaingia tangi. Kwenye tangi hamira inamanga sukari, inaacha pombe na gesi, ile ile gesi iko kwa soda. Ukisimama kwa chumba cha matangi unaskia harufu ya mkate na matunda imejichanganya.

Kuonja sasa. Glasi unashika mguu, usishike tumbo, juu mkono wako unaipasha joto. Inamisha ucheki rangi, zungusha polepole, ingiza pua ndani kabisa kabla ya mdomo. Kuna ndoo ya kutemea na kutema si ukosefu wa adabu, wenye wanaijua kazi ndio wanatema zaidi. Tulianza na Sauvignon Blanc, imetoka kwa baridi. Mresh akanusa, akafunga macho, akasema, "Hii inanuka hoho." Nilidhani mzee atakataa. Akapiga meza na furaha: hoho ya kijani na nyasi mbichi ndio harufu za hiyo zabibu dunia nzima. Ikafuata Shiraz, nyekundu nzito, na hapo mimi ndio nilidaka pilipili manga nyuma ya matunda. Kulikuwa na ingine tamu ya pinki, yenyewe haikunibamba. Lakini hiyo Shiraz na mbuzi choma, weh, hiyo ni ndoa halali.

Kile kilinishika zaidi ni vile tulipiga story. Kwa klabu swali ni "tuongeze ingine?" Hapa swali ni "wewe unaskia nini?" Unamuuliza mtu wako, unangoja, anatafuta maneno. Akasema glasi moja inamkumbusha jikoni ya cucu wake ocha wakati wa kukausha mahindi, na hiyo story ya cucu sikuwahi iskia vile tumekuwa pamoja. Hakuna mtu aliwaka. Tulimaliza mchana tukiwa tumekunywa kidogo na tumeongea mob.

Nawaambia kwa roho safi, hii ni deti imepita dina nyingi za tao zenye unalipa mataa na muziki. Pigeni simu shamba kabla, wengi wanapokea wageni kwa mpango tu. Muwe mmefika miaka 18. Dishini kitu nzito kwanza, bebeni maji na sweta, na msivae marashi makali, yanaua pua ya kila mtu kwa meza. Mkipenda glasi moja, nunueni chupa hapo hapo shambani, hiyo doo inabaki na wenye walikata, wakavuna na mkono. Na mkirudi Nai, mkiwa supa, ulizeni waini ya Kenya iko rafu gani. Kama haiko, mwambieni meneja aiagize.