Kazi Mbili Zinapokimbizana Ndani ya Kompyuta

Tarehe 10 Aprili, 1981, chombo cha anga Columbia kilikuwa tayari kurushwa kwa mara ya kwanza kutoka Florida, Marekani, kikiwa na wanaanga John Young na Robert Crippen. Zikiwa zimesalia kama dakika 20, kompyuta ya tano, ambayo ilikuwa akiba ya zile nne za kwanza, ilishindwa kwenda nazo sambamba. Safari ikaahirishwa hadi tarehe 12.

Wataalamu walipochunguza hawakuona kifaa kilichoharibika. Kosa lilikuwa la wakati. Kompyuta zilipowashwa, kazi fulani iliweza kuanza mapema kidogo kuliko ilivyotazamiwa. Uwezekano wa jambo hilo ulikuwa mara 1 katika 67. Kompyuta zilipowashwa upya, kosa halikurudi.

Kosa la namna hii hutokea pale ambapo matokeo yanategemea ni kazi ipi iliyowahi. Hata leo huvisumbua viini vya mifumo endeshi, hasa wakati wa kuandaa kifaa cha mawasiliano yasiyotumia waya. Kiendeshi, yaani programu inayokiongoza kifaa hicho, hakina budi kutenga nafasi katika kumbukumbu, kupakia maagizo ndani ya kifaa, kisha kukiarifu kiini kwamba kifaa ki tayari. Kikiarifu mapema, programu nyingine yaweza kuomba huduma ilhali maandalizi hayajakamilika, na mfumo mzima ukasimama. Siku nyingine maandalizi huwahi, na hapaonekani dalili yoyote ya kosa.

Uchunguzi wake una ugumu wa pekee. Fundi akiongeza maagizo ya kuandika kila hatua inayopitiwa, maagizo hayo huichelewesha kazi mojawapo, na kosa hutoweka. Kwa hiyo yafaa afanye kinyume: aweke ucheleweshaji wa makusudi mahali anapopashuku, hata kosa litokee kila mara. Hapo ndipo chanzo hujulikana.

Dawa yake ni mpango. Taarifa ya kwamba kifaa ki tayari iwe hatua ya mwisho. Na data inayotumiwa na kazi mbili ilindwe kwa kufuli, ili moja ingoje mpaka nyingine imalize. Kungoja kwa muda wa kukisia tu si dawa, maana hupunguza uwezekano wa kosa bila kuliondoa.

Jambo hili laweza kuonyeshwa darasani. Mwalimu aandike 5 ubaoni. Wanafunzi wawili, kila mmoja asome tarakimu hiyo, aongeze 1 katika daftari lake, kisha aende kuandika jibu ubaoni mahali pa ile ya kwanza. Wakifanya kwa zamu, jibu ni 7. Wakisoma wote kabla ya yeyote kuandika, jibu ni 6, ingawa kila mmoja amejumlisha sawasawa. Kisha warudie, lakini asiyeshika chaki asiruhusiwe kusoma. Chaki hiyo ndiyo kufuli.