Mshipa wa Fahamu Ukibanwa

Je, umewahi kuulalia mkono usiku ukaamka na kuuona kama si wako? Hiyo ndiyo ganzi. Ukiunyoosha unasikia kama siafu wanatembea ndani, halafu unarudi sawa. Lakini kuna kubanwa kwa mshipa wa fahamu kusikoisha kwa kujinyoosha, na huko ndiko ninakotaka kueleza.

Mjomba wangu hubeba magunia ya viazi sokoni. Mwaka jana alishikwa na maumivu yaliyoanzia kiunoni, yakapitia takoni, yakateremka nyuma ya paja hadi kwenye unyayo. Akikohoa au kupiga chafya, mguu ulishtuka kana kwamba umeguswa na stima. Majirani walisema ni baridi yabisi. Mwingine akasema ati amerogwa na wachukuzi wenzake! Alikandwa kwa maji moto karibu mwezi mzima, huku watoto wake wakirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Hatimaye daktari alimlaza chali, akauinua mguu ule ukiwa umenyooka. Kabla haujafika mbali mjomba alipiga kelele. Basi, daktari akajua ni mshipa.

Hebu tutazame jinsi mambo yalivyo. Jozi 31 za mishipa ya fahamu hutoka kwenye uti wa mgongo, zikipita kati ya pingili. Baina ya pingili na pingili kuna kisahani kinachozuia mifupa isisagane. Kisahani hicho kikichomoza hukandamiza mzizi wa mshipa. Mshipa mnene kuliko yote mwilini hutoka kiunoni ukaenda mguuni, ndiyo maana ugonjwa uko kiunoni lakini kilio ni cha mguu. Nionavyo mimi, hapa ndipo wengi wanapopotea: wanapaka dawa panapouma, kumbe chanzo kiko kwingine.

Fundi wa cherehani naye aangalie vidole vyake. Ganzi ikishika kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku, mara nyingi mshipa umebanwa penye kifundo cha mkono. Ikishika kidole cha mwisho, mara nyingi ni kiwikoni.

Wagonjwa wengi wa kiuno hupata nafuu bila kupasuliwa, katika majuma 6 hadi 12, kwa dawa za maumivu na kutembeatembea. Kulala kitandani siku nyingi hakusaidii. Mjomba alirudi sokoni, ila sasa anatumia mkokoteni.

Lakini mguu ukilegea hata mtu anaburura vidole, amwone daktari haraka. Na ganzi ikishika sehemu za siri na mapaja kwa ndani, au mtu akishindwa kukojoa, au haja ikimtoka bila kujua, huyo apelekwe hospitali wakati huo huo, hata kama ni usiku wa manane. Hapo mishipa mingi imebanwa pamoja, na akikandwa hadi kesho anaweza kubaki hivyo maisha yake yote.