Nairobi Inavyosomwa Kupitia Miti Yake

Mihadhara ya wazi kuhusu miti, ndege na mandhari ya Nairobi ina mizizi katika chama cha elimu ya viumbe kilichoundwa mwaka 1909, miaka kumi tu baada ya reli kufika kwenye bonde la majimaji lilikojengwa jiji hilo. Chama hicho, ambacho leo hujulikana kama Nature Kenya, ndicho kilichoanzisha mkusanyo uliozaa Makumbusho ya Taifa, na ingawa waasisi wake wengi walikuwa walowezi na maofisa wa kikoloni, milango yake baadaye ilifunguliwa kwa kila mwenye hamu ya kujua. Matembezi ya kutazama ndege ya kila Jumatano asubuhi, yaliyoanzishwa na Fleur Ng'weno mwanzoni mwa miaka ya 1970, ni mhadhara wa namna yake, ila ukumbi wake hauna paa.

Mzungumzaji anayeijua kazi yake haanzi na mti, bali huanza na mwamba. Nairobi imekaa juu ya lava, yaani ujiuji wa moto wa volkano ulioganda, iliyomwagika wakati Bonde la Ufa lilipokuwa likijitengeneza, na ambayo imeinama kuelekea mashariki. Magharibi, kwenye miinuko yenye mvua nyingi zaidi, maji hupita kwa urahisi na lava imeoza ikawa udongo mwekundu wenye kina kirefu; mashariki, kwenye tambarare, maji hutuama na udongo ni mfinyanzi mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Kwa sababu hiyo magharibi palikuwa na misitu na mashariki palikuwa na mbuga za nyasi, na mpaka huo wa kale bado unaonekana kwa atakayelivuka jiji kutoka msitu wa Karura hadi Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyotengwa mwaka 1946. Mito nayo hufuata mwinamo uleule: Mto Nairobi hutoka kwenye kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, huingia Mto Athi, na maji yake huishia baharini karibu na Malindi kwa jina la Sabaki.

Miti inayosifiwa zaidi jijini haikuota hapo yenyewe. Mijakaranda, ambayo hutandaza maua ya zambarau barabarani mnamo Oktoba na Novemba, asili yake ni Amerika ya Kusini, na mikaratusi ililetwa kutoka Australia. Bustani ya miti iitwayo Arboretum ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti ya kigeni inayokua haraka, kwa kuwa injini za reli wakati huo zilikula kuni bila kushiba.

Mti wa kienyeji unaostahili mhadhara mzima ni mugumo, wa jamii ya mitini. Mbegu yake huweza kudondoshwa na ndege juu ya mti mwingine, ikaota hukohuko na kuteremsha mizizi mpaka ardhini. Kile kinachoitwa tunda lake, kabla ya kuiva, ni kifuko kilichofunika maua madogo mengi, nayo huchavushwa, yaani hupelekewa chavua, na nyigu wadogo mno wanaopenya kwenye kitundu cha nchani. Nyigu hao huishi muda mfupi sana, kwa hiyo uzao wao hauwezi kuendelea isipokuwa pawe na mti fulani wenye vifuko katika karibu kila majira. Ndiyo maana ndege na popo hupata tini hata miti mingine inapokosa matunda. Wakikuyu waliuheshimu mugumo kama mahali pa sala na sadaka, na mwaka 2020, mugumo mmoja wa barabara ya Waiyaki Way ulipokaribia kung'olewa kupisha barabara mpya, malalamiko ya wananchi yaliifanya serikali iuache.

Karura, msitu wa takriban hekta 1,000 uliotangazwa rasmi kuwa hifadhi mwaka 1932, ulinusurika kwa gharama kubwa zaidi, kwani mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa mwaka 1999 walipokwenda kupanda miche kupinga ugawaji wa ardhi yake. Humo bado umo muhugu, mti ukuao polepole ambao wachonga vinyago huupenda kwa ugumu wake.

Hata hivyo, Makumbusho, Arboretum na Karura zote zimo upande wa udongo mwekundu, wakati wakazi wengi huishi mashariki, ambako mada za mihadhara hazikosekani: mito iliyochafuka, nyumba zinazopasuka kwa udongo unaovimba, na kongoti, wale ndege wakubwa wenye vichwa vya upara, ambao hula kwenye jaa la Dandora na wengine wao hujenga viota juu ya migunga ya Barabara ya Mombasa.